Mjadala: Insha ya kuchambua hoja mbovu imefutwa GMAT na GRE. Tuendelee kuifanyia mazoezi au tuachane nayo?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Msimamo wangu nautaja mapema: anayejiandaa kwenda kusoma MBA (uzamili wa biashara) au shahada nyingine ya uzamili nje bado anapaswa kuandika ile insha ya kuchambua hoja mbovu, ingawa mtihani wenyewe umeshaitupa. Najua wengi humu hamtakubali, ndiyo maana nimeileta.

Kwa wasioifahamu. GMAT ndio mtihani ambao vyuo vingi vya biashara vya Marekani na Ulaya hupimia waombaji. GRE ni wa uzamili kwa ujumla, na vyuo vya biashara navyo siku hizi huupokea. Yote miwili ilikuwa na swali moja la kufanana. Unapewa aya fupi, mara nyingi waraka wa meneja au taarifa ya kampuni, yenye hitimisho la kujiamini na ushahidi wa kuungaunga. Dakika 30. Huulizwi kama unakubaliana na meneja. Unaulizwa hoja yake imesimama juu ya nini: amechukulia nini bila kukitamka, ni sababu gani nyingine inaweza kueleza takwimu zake, na ushahidi upi ungeimarisha hoja au kuiangusha.

GRE waliiondoa Septemba 2023 walipoukata mtihani kutoka karibu saa nne hadi karibu saa mbili. Wakabakiza insha moja tu, ile ya kutoa maoni yako juu ya jambo. GMAT mpya ikaanza Novemba 2023 na ya zamani ikazikwa mwanzoni mwa 2024. Ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na huandiki hata sentensi.

Basi vijana wanasema haina maksi, haina haja. Hebu tuone. Huu waraka nimeutunga mwenyewe, wa meneja masoko wa kampuni ya mabasi:

"Desemba iliyopita tulianza kuwagawia abiria wa Dar–Moshi–Arusha maji na biskuti bure. Mwezi huo mabasi yetu yalijaa kuliko Septemba. Kwa hiyo tukigawa maji na biskuti njia ya Dar–Dodoma, abiria wataongezeka na gharama itajilipa yenyewe."

Mtanzania yeyote atacheka. Desemba Wachaga wanapanda kwenda nyumbani kula sikukuu, basi la Moshi linajaa hata ukiwagawia kokoto. Na njia ya Dodoma tangu katikati ya 2024 ina treni ya SGR. Lakini kucheka siyo kuchambua. Ukikaa na kalamu unalazimika kusema kasoro iko wapi hasa. Analinganisha miezi miwili isiyolingana. Alipaswa kuiweka Desemba hii pembeni ya Desemba ya mwaka juzi, kabla ya biskuti. Anahamisha matokeo ya njia moja kwenda njia ambayo abiria wake wana usafiri mwingine wa kuchagua. Hiyo wengi mtaiona.

Ya tatu ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu huioni ukiwa unacheka. Basi likijaa limejaa. Halina kiti cha ziada cha kuuza. Nauli nayo ina ukomo unaopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo huwezi kuifidia biskuti kwa kupandisha tiketi upendavyo. Maana yake ni kwamba kule kule Moshi anakojisifia, kama basi lingejaa bila biskuti, biskuti zote zile ni hasara tupu. Ushahidi wake bora ndio unaommaliza.

Hiyo niliiona nilipokuwa naandika, siyo nilipokuwa nasoma. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Nairobi

Mleta mada, umeandika vizuri lakini unaisifu insha ambayo haikuwa hivyo. Sisi tuliofanya huo mtihani tunajua ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa na fomula yake kichwani: aya ya kwanza "hoja hii ina kasoro kadhaa", ya pili "kwanza, mwandishi anachukulia kuwa", ya tatu "pili", ya nne "kama mwandishi angeleta takwimu zaidi". Unabadilisha tu majina, leo mabasi, kesho kiwanda cha viatu. Nilikariri, nikaandika, nikapata maksi nzuri, na sikuwa nimefikiria chochote.

Tena maksi zenyewe hazikuwa na kazi. Zilihesabiwa peke yake, 0 hadi 6, hazikuingia kwenye ile alama kubwa ya 200 hadi 800 ambayo vyuo viliangalia kwanza.

Na usisahau kuwa msahihishaji mmojawapo alikuwa kompyuta. GMAT walianza kutumia mashine kusahihisha insha mwaka 1999. Mwaka 2001 ikachapishwa ripoti ya jaribio ambalo watu walialikwa wajaribu kuidanganya mashine hiyo. Mmoja aliandika aya chache akazirudia tu tena na tena hadi insha ikawa ndefu, na mashine ikampa 6. Hilo ndilo unataka vijana wakeshe nalo?

Ilifutwa kwa haki.

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi, umeupiga mtihani, hujaligusa zoezi. Fomula yako isingeweza kukuambia kwamba basi lililojaa halina kiti cha kuuza. Ingekuambia tu "pili".

Mwalimu wa tuisheni, Mwanza

Nafundisha vijana wanaojiandaa na mitihani hii, acha niseme ninachokiona.

Tatizo la kwanza la wanafunzi wangu halikuwa mantiki. Mazingira ya maswali yalikuwa ya Marekani. Unampa mtoto wa Sengerema hoja kuhusu halmashauri ya mji inayotaka kujenga uwanja wa kuteleza kwenye barafu, anatumia dakika kumi kuwaza watu wanatelezaje. Maelekezo yalisema huhitaji kujua chochote nje ya aya, na kwa kiasi ni kweli. Ila angalia mfano wa mleta mada mwenyewe. Asiyejua habari za Wachaga na Desemba angeandika "huenda kuna sababu nyingine za abiria kuongezeka", basi. Kwa msahihishaji inatosha. Lakini ni sentensi maiti. Uhai wa uchambuzi unatoka kwenye kujua mambo.

Tatizo la pili ni kwamba wanabishana na hitimisho. Ukiwapa waraka wa biskuti, nusu ya darasa inaandika kurasa nzima kueleza kwa nini treni ni bora kuliko basi. Hakuna aliyeuliza hilo! Hitimisho linaweza kuwa sahihi kabisa na hoja ikabaki mbovu. Hiyo inachukua wiki kuingia, na wengine haiingii kamwe.

Ninachofanya siku hizi: tunachambua kwa mdomo, kwa Kiswahili, hoja za hapa hapa. Halafu ndiyo wanaandika kwa Kiingereza. Mtu akishaona tundu kwa lugha anayoiota usingizini, kuliandika kwa Kiingereza ni kazi ya sarufi tu. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, ila mazoezi ya zamani ya mtandaoni aachane nayo. Atunge yake.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Wasomi mna raha sana.

Mimi naingiza mzigo kutoka China. Kila siku naamua kwa hoja ambazo nyinyi mngezipa sifuri. Rangi fulani ya kitenge imeisha haraka mwezi huu, naagiza mara tatu yake. Nimechukulia mambo mangapi hapo? Labda kulikuwa na harusi nyingi. Labda jirani yangu alifunga duka kwa msiba. Nikikaa kuandika insha, kontena la mwenzangu linatia nanga mimi bado niko aya ya tatu.

Kila hoja ya biashara ina tundu. Mnawafundisha watoto kuona matundu, wanarudi na shahada zao hawawezi kuamua kitu. Mnaajiri kijana, kila wazo anasema "data haitoshi". Haitatosha! Coca-Cola mwaka 1985 waliwaonjesha watu karibu 200,000 kabla ya kubadilisha ladha ya soda yao. Watafiti, pesa, kila kitu. Wakaitoa ile mpya Aprili 23, na baada ya siku 79 wakalazimika kuirudisha ya zamani, watu wamekuja juu. Uchambuzi uliwasaidia nini?

Mleta mada

Hapo Kariakoo umenipa mpira miguuni.

Coca-Cola hawakukosa data, walikosa hii insha. Tazama hoja yao ilivyokaa: watu wakionja kikombe kidogo bila kujua ni soda ipi, wengi wanaipenda hii mpya, kwa hiyo tuiondoe ya zamani tuweke mpya. Ushahidi unahusu ladha ya mafunda mawili. Hitimisho linahusu kumnyang'anya mtu kinywaji alichokua nacho tangu utotoni. Katikati hapo kuna daraja ambalo halikujengwa, na kuonjesha watu milioni moja zaidi kwa njia ile ile kusingelijenga. Tatizo halikuwa idadi ya waonjaji, lilikuwa swali walilojibu waonjaji hao.

Na kijana wako anayesema "data haitoshi" hajajifunza uchambuzi, kajifunza nusu yake. Nusu ya pili ya insha ilikuwa: taja ushahidi upi ungebadilisha mawazo yako. Anayeweza kuutaja anaweza pia kukuambia utagharimu kiasi gani kuupata, na kama haufai kusubiriwa muagize mzigo tu. Wewe na kitenge chako unafanya hivyo hivyo. Nina hakika jirani akifunga duka kwa msiba unajua, na oda unaipunguza.

Mchangiaji, Eldoret

Hii mada ingetusaidia Kenya wakati wa kware. 2013 kuingia 2014, kila mtu alikuwa anafuga kware. Hoja ilikuwa: yai moja la kware linauzwa bei ya mayai ya kuku kadhaa, jirani amejenga, kwa hivyo nami nitajenga. Watu wakapanga foleni kuchukua leseni za KWS, shirika la wanyamapori. Hakuna aliyeuliza anayenunua hayo mayai ni nani. Baadhi ya wanunuzi walikuwa watu wanaotaka kuanza kufuga kware! Wakati kila mtu alishakuwa na kware wake, bei ikaanguka na ndege wakaliwa kitoweo.

Sijui GMAT. Lakini swali "takwimu hii inatoka kwa nani" lingetuokoa.

Mchangiaji, Toronto

Niko mwaka wa kwanza wa MBA huku, kwa hiyo niseme mambo mawili.

Moja ni la kumpinga mleta mada. GMAT haijaacha kupima uchambuzi. Sehemu ya lugha ina maswali 23, na sehemu yake ni yale ya hoja fupi: ipi kati ya hizi tano inaidhoofisha zaidi, hoja inategemea nini. Ukiwa na mwezi mmoja na kazi ya kutwa, fanya hayo. Mtihani unagharimu mamia ya dola, usimshauri mtu aandike insha zisizo na maksi.

La pili linampa nguvu. Kwenye maswali ya kuchagua, tundu limeshachimbwa, wewe unalitambua tu. Darasani hakuna anayekupa machaguo matano. Unaletewa kurasa za kisa cha kampuni, profesa anakutazama. Wiki zangu za kwanza nilikuwa naona kitu hakijakaa sawa na siwezi kusema ni nini.

Kuna jambo hamjaligusa pia. Insha ile ndiyo iliyokuwa maandishi ambayo chuo kilijua kwa hakika yameandikwa na mwombaji, chini ya kamera na msimamizi. Imeondolewa mwaka ule ule ambao kila mtu alipata programu ya kumwandikia barua za maombi. Nadhani walikosea wakati, hata kama insha yenyewe ilikuwa dhaifu.

Mchangiaji, Nairobi

Toronto, hilo la wakati nalikubali. Lakini basi dai mtihani mzuri zaidi, usidai desa la zamani lirudi.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Mleta mada, maneno mengi. Wewe ndiye meneja wa mabasi. Waraka ungeuandikaje wewe? Siyo kuubomoa, kuuandika.

Mleta mada

Haya:

"Februari, mwezi ambao mabasi ya Dar–Moshi–Arusha huondoka na viti vitupu, tugawe maji na biskuti kwenye basi la saa 12 asubuhi tu, wiki mbili, wiki mbili zinazofuata tusigawe. Tulinganishe viti vilivyouzwa. Kama tofauti inazidi gharama ya biskuti, tuendelee katika miezi mitupu na tusigawe Desemba kabisa. Dodoma tusiiguse mpaka tuwaulize abiria waliobaki kwetu kwa nini hawapandi treni."

Gharama yake ni katoni chache. Nani anaipinga?

Mchangiaji, Nairobi

Mimi. Umechukulia kwamba abiria anajua kuna biskuti kabla hajakata tiketi. Akizikuta ndani ya basi, zimemshawishije kupanda? Na aliyezila wiki ya pili anaweza kurudi wiki ya tatu kwa sababu yake, ukamhesabu upande wa wasiogawiwa. Kwa wiki mbili mbili zako utakuwa umepima bahati ya kalenda tu. Andika tena.