Siku 6 za harusi, sukari asubuhi imesoma 6.3. Mafuta yanapandishaje sukari?

Mzigua34: Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka harusini kwa dada, Korogwe, siku 6: supu ya kongoro asubuhi, biriani mchana, usiku sambusa na nyama ya kukaanga. Soda sikugusa, maana baba ana kisukari na mimi naogopa. Leo nimepima kwa mashine yake kabla ya kula: 6.3. Mwezi uliopita ilikuwa 4.9. Kilo imeongezeka moja tu. Sasa hii sukari imetoka wapi?

Kijiko Kikubwa: Biriani sahani ngapi mkuu? Au wali siku hizi ni mboga?

Babu Tangawizi: Chemsha mdalasini, unywe siku 7.

Nesi wa Zamu: Babu, mdalasini tuachie kwenye pilau.

Mzigua, wali umechangia, ila mafuta nayo yana njia yake. Insulini, homoni ya kushusha sukari, haiingizi tu sukari kwenye misuli. Ndiyo pia inayoziambia seli za mafuta zifunge ghala. Vijana wenye afya waliolishwa mafuta kupita kiasi kwa majaribio, miili yao ilianza kuwa mizito kuisikia insulini ndani ya siku chache, kitambi hata hakijaanza. Seli za mafuta zisipoisikia, ghala linavuja: asidi za mafuta zinaingia kwenye damu, zinafika kwenye misuli na ini. Misuli inazembea kuchukua sukari. Ini, ambalo hutengeneza sukari usiku umelala, linaendelea tu kama halijaambiwa kitu. Asubuhi unaamka nayo.

Kwa kawaida ukirudia mlo wako wa siku zote, hali hutulia. Ila wewe ni mtoto wa mgonjwa wa kisukari, usiishie hapa. Nenda maabara, usile kitu kwa saa 8 kabla. Ikisoma 7.0 kwenda juu, na ukirudia ikawa vilevile, hicho ni kisukari. Omba na HbA1c: hicho ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, harusi ya wiki moja haikipandishi sana. Kikiwa juu, usimsingizie kongoro.

Mzigua34: Asante dada. Na mashine haiwezi kudanganya?

Nesi wa Zamu: Hata nzuri inaweza kupishana na maabara kwa asilimia 15. Ulinawa mikono kabla ya kujitoboa?

Mzigua34: Dah. Nilikuwa nimetoka kummenyea mtoto embe.