Tupeane uzoefu: waliopata postidoki za sayansi wakitokea Kigoma na Tabora

Mwana_Kibirizi: Mwakeye wakuu. PhD ya samaki nimemaliza, nimerudi Kigoma, kila tangazo la postidoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) nikilifungua naona kama lina mwenyewe tayari. Mlipitia wapi? Na wa misitu na nyuki huko Tabora mje, tusiwaachie watu wa Dar tu.

Migebuka: Mengi kweli yana mwenyewe mkuu, ila siyo lazima awe mpwa wa mtu, mara nyingi ni aliyemwandikia profesa mapema. Mi nilisoma chapisho la jamaa wa Ubelgiji kuhusu dagaa wetu, nikaona kwenye ramani yake upande wa kusini mwa Ujiji hana kituo hata kimoja, nikamtumia imeli fupi tu kwamba hapo mimi nina data, za usiku wa giza na za mbalamwezi wavuvi wanapopumzisha taa, na grafu moja chini. Akajibu hana hela lakini tuombe wote Marie Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Hiyo dirisha lake hufungwa Septemba, PhD isizidi miaka 8 tangu uipate, na nchi unayoenda usiwe umeishi zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 ya nyuma. Zile imeli za "nina shauku kubwa ya kujiunga na maabara yako" hazijibiwi, acheni.

Asali_Mbichi: Tabora tupo. Mi nilienda Ujerumani kwa ufadhili wa taasisi yao ya Humboldt, unaomba muda wowote, ila kwa ngazi ya postidoki PhD isizidi miaka 4 na uwe umeshapata mwenyeji, yaani profesa wa kukupokea. Kilichonitesa ni barua ya supavaiza ya kunipendekeza, mzee kila nikimpigia "andika mwenyewe mwanangu nitasaini". Jamani msikubali, barua inafanana na CV yako mpaka koma, anayesoma anajua. Nilimfuata ofisini nikakaa kwenye benchi mpaka akaiandika.

Dada_wa_Mahale: Msisahau Japani. Watu wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale wanachunguza sokwe tangu 1965, kwa hiyo ukiwa umefanya nao fildi unajulikana hata kabla hujaomba. Postidoki ya JSPS, shirika lao la kufadhili sayansi, ni miezi 12 hadi 24, PhD isizidi miaka 6, na maombi anapeleka mwenyeji wako kupitia chuo chake, siyo wewe. Hapo ndo wengi wanapopigwa chenga, wanahangaika kutafuta fomu.

Mwana_Kibirizi: Asante dada. Sasa profesa akitaka data zote kabla hatujakubaliana kitu?

Migebuka: Mpe grafu, faili baki nalo. Na kama zilikusanywa kwa hela ya taasisi omba ruhusa kwanza. Sampuli zenyewe ndo kabisa, haitoki hata chupa moja bila makubaliano ya maandishi, na yeye akitaka kuja ziwani aanze na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Asali_Mbichi: Na imeli tuma Jumatatu au Jumanne, ya Ijumaa jioni inazama.