Mjadala: Viti vya bodi za AMCOS vitengwe nusu kwa wanawake, au tuanze na daftari la wanachama?

Mleta mada, Newala

Habari za huko ndugu zangu wa Kusini. Wazee, shikamooni.

Kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho, dada mmoja alisimama akaomba masharti ya chama yabadilishwe, nusu ya viti vya bodi watengewe wanawake. Ukumbi uligawanyika pande mbili. Mwenyekiti akaona jua linazama, akaahirisha hoja hadi mkutano ujao. Naileta hapa kwa sababu mimi ni mwanamke na sikuunga mkono, na wapo wenzangu ambao mpaka leo hawajanisamehe.

Nianzie mbali kidogo. Niliingia ushirika nikiwa karani wa mizani. Oktoba ile foleni ya magunia ilifika barabarani, na wengi waliokuja na mzigo walikuwa akina mama. Ndio waliopalilia chini ya mikorosho, wakainama kuokota, wakatenganisha korosho na bibo, wakaanika, wakachambua mbovu na nzima. Gunia likishakaa juu ya mizani namuuliza: niandike nani? Ananitajia jina la mumewe. Nalitafuta kwenye daftari, nalikuta, naandika kilo. Mnada ukipita, fedha inaingia kwenye akaunti ya jina lile.

Mtwara tumeuza kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, tangu msimu wa 2007/2008. Mfumo huo una ubishi wake na leo siugusi. Nasema tu kwamba unamjua mtu mmoja: aliyeandikwa. Aliyeandikwa ndiye anayegawiwa salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, ndiye anayelipwa, ndiye mwanachama, ndiye anayenyoosha mkono mkutanoni, na ndiye anayeweza kuchukua fomu ya ujumbe wa bodi.

Siku moja foleni ilipokatika nilipitia daftari letu jina kwa jina. Idadi ni siri ya chama, siitaji. Lakini niliona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: wanawake waliomo karibu wote ni wajane au walioachika. Mke aliye ndani ya ndoa hana jina. Yaani kwetu mama anakuwa mkulima wa korosho siku mume anapofariki au anapotoa talaka. Kabla ya hapo alikuwa nani miaka yote ile?

Sasa tukitenga nusu ya bodi kesho asubuhi, tutaijaza na nani? Na wale wajane wachache, na wake wa wakubwa walioandikishwa wiki moja kabla ya uchaguzi. Nimewahi kukaa vikao na mjumbe wa namna hiyo. Kabla ya kila kikao alikuwa akipigiwa simu na shemeji yake kuelekezwa aseme nini. Watu walimsimanga yeye. Mimi nilimwonea huruma, maana hakuwa na mkorosho hata mmoja kwa jina lake.

Mama Anna Abdallah alikuwa mwenyekiti wa Bodi ya Korosho mpaka bodi ilipovunjwa Novemba 2018. Mwanamke alishakaa juu kabisa ya zao letu. Kiti kile cha juu hakikushuka mpaka kwenye daftari la kijijini kwangu.

Pendekezo langu: kila kaya inayoleta korosho iandikishe wanachama wawili, mume na mke, kila mmoja na mikorosho yake kwenye daftari na akaunti yake. Na mabinti wa kidato cha nne tuwaingize kwenye mizani, ghala na vitabu vya hesabu. Mizani ndiyo iliyonipeleka Moshi kusomea ushirika na kunirudisha nikiwa mhasibu. Nilikwenda chuoni nikijua ninachokwenda kutafuta, kwa sababu nilishaona gunia linavyopotea jina. Tupite misimu mitatu hivyo, viti tuvizungumze baadaye.

Nikosoeni.

Mzee, Tandahimba

Marahaba binti yangu. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, kwa hiyo unayoyasema nayajua kwa macho.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Kugawa mikorosho kwenye daftari ni kuingiza mizani ndani ya nyumba. Leo baba na mama wanagombana kwa maneno, kesho watagombana kwa kilo. Atakayeona ya mwenzake yamezidi atapeleka za kwake kwa wa kangomba, wale walanguzi wanaonunua nje ya chama, kabla msimu haujafunguliwa, apate fedha ya haraka, chama kikose mzigo. Nimeona nyumba zikivunjika kwa magunia mawili.

Halafu kuna jambo nyie vijana mmelisahau. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi nilipooa nilihamia ukweni, nikaonyeshwa shamba na mjomba wa mke wangu, nikapanda mikorosho pale. Ardhi ni ya kwao. Nguvu ni zangu. Kwenye daftari nimeandikwa mimi. Nilipokuwa nasoma maneno yako nimeliwaza hilo, na nakiri kwamba hapo pana kitu sijakijibu.

Diwani wa viti maalum, mkoa wa Lindi

Mdogo wangu, nakupenda lakini hapa umekosea, na nitakueleza kwa nini kwa urefu.

Unasema daftari kwanza, kiti baadaye. Nani atalifungua hilo daftari? Bodi. Bodi imejaa nani? Wanaume walewale ambao majina yao ndiyo yamo. Unamwomba mtu ajipunguzie kura kwa hiari yake. Misimu yako mitatu itakuwa thelathini.

Mimi sikuanzia udiwani. Nilianzia baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza lile liwe na watu saba na watatu kati yao wawe wanawake. Walinitafuta kwa sababu walipungukiwa mwanamke mmoja, na waliniambia hivyo hivyo bila kuficha. Mwaka wa kwanza niliogopa kufungua mdomo. Mwaka wa pili nilijua kusoma mipaka, nilijua shahidi gani anaongopa, nilijua namna ya kumnyamazisha mzee bila kumvunjia heshima. Kama sheria ingesubiri niwe na shamba kwa jina langu, ningekuwa bado naokota za watu.

Tazameni walio juu. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akachaguliwa mbunge wa Makunduchi. Hapa kwetu Mama Salma Kikwete, mwalimu, aliingia bungeni mwaka 2017 kwa kuteuliwa, kisha mwaka 2020 wananchi wa Mchinga wakamchagua kwenye jimbo. Hakuna aliyezaliwa anajua kuongoza kikao. Kikao chenyewe ndicho kinachofundisha.

Huyo mjumbe aliyepigiwa simu na shemeji yake, je, kuna aliyemfundisha kusoma taarifa ya fedha? Wewe mhasibu uliyemwonea huruma, ulikaa naye ukamwonyesha?

Kijana, Masasi

Mimi naona viti vya kutenga vinawaharibia. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Sasa na bodi tena? Fomu ziko wazi, mchukue.

Diwani

Mdogo wangu wa Masasi, fomu inachukuliwa na mwanachama. Rudi juu usome tena habari ya daftari, hapo mleta mada amesema kweli tupu.

Mama, Nachingwea

Wanangu, mimi ni nyakanga, kiongozi wa unyago. Nimecheza wali wengi, yaani mabinti wanaofundwa, na wengine sasa wanawaleta binti zao kwangu. Sikusoma sana, mjukuu ndiye anayeniandikia.

Nasikia mnauliza mwanamke aanze kuongoza lini. Unyago ukiingia kijijini ninaongoza mimi. Nikisema ngoma inyamaze, inanyamaza. Mkuu wa kaya akitaka kupita pale anazunguka. Ninapanga chakula, ninapanga walinzi wa wali, ninapokea fedha na kuzigawa, na hakuna mwaka watu walisema nimekula. Siku nikienda AMCOS nasimama mlangoni, maana mwanachama alikuwa marehemu mume wangu na mimi nilichelewa kufuata uhamisho wa jina.

Kuna neno linaniuma. Tunawafundisha wali usafi, adabu, kuishi na mume na wakwe. Hatukuwahi kuwafundisha waulize jina gani linaandikwa kwenye mizani. Msimu uliopita nililisema kwa mara ya kwanza. Baadhi ya makungwi walinuna wakasema hilo si la unyagoni. Nitalisema tena.

Msaidizi wa kisheria, Mtwara mjini

Nachangia moja tu. Mzee wa Tandahimba anaogopa daftari litavunja nyumba. Nyumba zinapovunjika ndipo mimi napokea kesi, na wanaohangaika ni wale wasio na karatasi yoyote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Haki ipo. Lakini mama analazimika kuachika kwanza ndipo aidai, tena afike mahakamani, tena alete mashahidi wa kuthibitisha kwamba alipalilia. Mistari miwili kwenye daftari ingemwondolea yote hayo.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Mama Nachingwea, shikamoo. Suala la uhamisho wa jina linashughulikiwa kwa karatasi za mirathi. Usikate tamaa, mjukuu akupeleke ofisini kabla ya uandikishaji wa pembejeo.

Diwani, umenigusa pale ulipouliza kama nilikaa na yule mjumbe. Sikukaa. Nilikuwa na vitabu vyote mezani kwangu, na kila kikao nilimwacha aingie mikono mitupu. Hilo ni kosa langu na sina la kujitetea.

Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu, ingawa si yote. Mkutano ujao nitaunga mkono viti, lakini nusu bado naikataa. Naomba theluthi, kwa sharti kwamba anayegombea awe ameuza angalau msimu mmoja kwa jina lake mwenyewe. Hapo wanaotaka kuingiza wake zao bodini watalazimika kwanza kuwaandika, na wataandika mapema. Tukikubaliana tunapeleka masharti kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika. Na mimi kila Alhamisi baada ya kufunga ofisi nitafundisha mwanachama yeyote mwanamke kusoma mchanganuo wa malipo na makato, bure, tuanze hata na wawili.

Diwani najua utasema sharti langu linachelewesha. Sema, nitasikiliza.

Mzee wangu wa Tandahimba, nakuuliza kwa heshima zote: ile mikorosho uliyoipanda ukweni, kwenye ardhi ya kina mama, msimu ujao iandikwe kwa jina la nani?

Mzee, Tandahimba

Binti, hilo silijibu peke yangu. Mjomba wake bado yu hai, na mama watoto nimemsomea maneno yako jioni hii. Amenyamaza muda mrefu, kisha ameniuliza mikorosho yote ni mingapi. Nimemwambia. Amesema kesho anataka twende shambani tukaihesabu pamoja.