Naomba ushauri: kifungua kinywa cha Kiskoti kisicho na nguruwe wala damu

BintiUnguja
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Glasgow, na Jumapili ijayo tumewaalika majirani zetu, mzee mmoja na mkewe, Waskoti wote wawili, waje kufungua kinywa kwetu. Ningependa kuwapikia chakula chao wenyewe, yaani ile sahani kubwa ya soseji, mayai, uyoga, nyanya, maharage ya kopo na skoni za viazi. Hata hivyo nyama ya nguruwe haiingii nyumbani kwetu, kwa hiyo bekoni haitakuwepo, wala ile soseji nyeusi ya damu. Je, sahani iliyokosa vitu hivyo viwili bado itastahili kuitwa ya Kiskoti? Na mtu apangeje kazi ili vyote vifike mezani vikiwa moto?

MkaaziWaClyde
Waalaykum salaam, dada. Itastahili bila shaka, kwa kuwa bekoni na mayai huliwa hata Uingereza, ilhali kinachoitambulisha sahani ya Kiskoti ni soseji ya mraba, skoni za viazi na haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyosagwa pamoja na oti. Soseji hiyo, iitwayo Lorne, hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe, lakini wauza nyama wengi huichanganya na ya nguruwe, hivyo ni salama zaidi uitengeneze mwenyewe. Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga yenye mafuta kiasi, gramu 100 za chenga za mkate mkavu, mililita 100 za maji baridi, kijiko cha chai cha chumvi, pilipili manga, giligilani ya unga na kungumanga kidogo. Kanda hadi vishikane, shindilia katika chombo cha kuokea mkate ulichokitandika nailoni, kisha ukiache kwenye friji usiku kucha. Soseji hii haina utumbo wa kuishikilia, na isipopoa vizuri itavunjika kikaangoni. Asubuhi ikate vipande vya unene wa sentimita moja.

Kuhusu haggis, ipo ya mboga, yenye oti na dengu, ambayo familia ya MacSween ilianza kuitengeneza mwaka 1984 kwa ajili ya ufunguzi wa Maktaba ya Ushairi ya Uskoti, Edinburgh. Huuzwa ikiwa imeiva, nawe utaikata vipande na kuvikaanga tu.

MpishiWaLeith
Skoni za viazi hazitakusumbua ikiwa unajua kusukuma chapati. Ponda nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa vikiwa bado moto, utie gramu 50 za siagi, chumvi, na gramu 100 hivi za unga wa ngano, ukiacha kuongeza mara tu donge linaposhikana, kwa maana unga mwingi huzifanya ngumu. Sukuma duara la unene wa nusu sentimita, likate robo nne, uzichome kwenye chuma kikavu cha chapati dakika tatu au nne kila upande. Zipike Jumamosi, Jumapili utazipitisha kwenye siagi tu.

MwalimuMstaafu
Kwa maoni yangu mnamsahaulisha dada jambo la msingi. Kabla ya kikaango kulikuwa na uji wa oti, na huo ndio wa kutangulia mezani. Huko Carrbridge, ambako mashindano ya dunia ya kupika uji yamefanyika tangu 1994, uji wa kundi la jadi hauruhusiwi kuwa na kitu zaidi ya oti, maji na chumvi. Loweka oti zilizokatwakatwa usiku, uzipike kwa moto mdogo, ukikoroga kwa kile kijiti cha mviringo kiitwacho spurtle.

MkaaziWaClyde
Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu historia, lakini mgeni aliyemaliza bakuli la uji hataiweza sahani iliyoelezwa hapa. Bakuli ndogo sana, au usiwepo kabisa.

BintiUnguja
Nawashukuru. Je, bekoni ya bata mzinga inafaa kuziba pengo?

MpishiWaLeith
Mimi ningeiacha. Kuiga bekoni kutawakumbusha wageni kile kisichokuwepo. Tafuta badala yake Arbroath smokie, samaki aina ya hadoki anayeivishwa kwa moshi wa kuni ngumu katika mji wa Arbroath, ambaye jina lake linalindwa kisheria tangu 2004. Kwa kuwa ameshaiva, mpake siagi umpashe moto kwenye oveni kwa dakika kumi hivi. Waskoti wamekula samaki asubuhi kwa vizazi vingi, kama tulavyo sisi wa pwani.

Kuhusu mpangilio, washa oveni iwe na joto dogo, nyuzi 100 hivi, uweke sahani humo. Anza na soseji, kisha haggis, na kila kinachoiva kihamie ndani ya oveni. Samaki mfunike kwa foili, naye atahitaji muda mrefu zaidi kwa joto hilo. Nyanya na uyoga vikaangwe katika mafuta yaliyoachwa na soseji, maharage yachemke pembeni, na mayai usiyavunje mpaka wageni wawe wameketi.

BintiUnguja
Nimeelewa. Ijumaa nitanunua nyama na viazi, na uji nitauweka kwa atakayeuomba.