Lehemu yenye risasi kwenye kifaa cha kuuzwa Ulaya: hesabu hii inakubalika?

Mdhibiti_Chaji: Wakuu, naomba ushauri. Kifaa cha kudhibiti chaji kinatakiwa kuingia soko la Umoja wa Ulaya. Kina gramu 600, na lehemu ni gramu 1 ya bati 63 kwa risasi 37. Nikipiga hesabu, risasi ni kama 0.06% ya uzito wote, na kikomo cha RoHS, sheria ya Ulaya inayobana kemikali hatari kwenye vifaa vya umeme, ni 0.1%. Si kimefaulu hapo?

Bati_Tupu: Hakijafaulu, mkuu. Kikomo hakipimwi kwa uzito wa kifaa, kinapimwa kwa kila malighafi peke yake. Tone la lehemu linahesabika lenyewe, na lina risasi 37%, mara 370 ya kinachoruhusiwa. Kwenye waya, shaba ni malighafi moja na ganda ni nyingine. Kikomo cha kadimiamu, metali nyingine inayobanwa, ndicho kikali zaidi, 0.01%.

Hamia SAC305, lehemu isiyo na risasi: bati 96.5, fedha 3, shaba 0.5. Inayeyuka nyuzi 217 hadi 220, wakati ya zamani ni 183. Weka ncha mpya kwenye pasi ya kulehemu, maana ncha iliyozoea risasi itachafua kila kiungo. Halafu kiungo cha SAC hupoa kikiwa na uso uliofifia. Usirudie kukichoma ukidhani ni kibovu, utabandua shaba ya bodi.

Mkaguzi_Malighafi: Usiishie kwenye lehemu. Tangu 22 Julai 2019 thalati nne, kemikali za kulainisha plastiki, zinabanwa pia: DEHP, BBP, DBP na DIBP. Zitafute kwenye waya laini za PVC. Kipimo cha eksirei hakizioni, na kwa kromiamu kinaonyesha jumla tu bila kutenga ile ya valensi sita, ambayo ndiyo inayobanwa. Hapo ni maabara ya kemia.

Mdhibiti_Chaji: Asanteni. Dayodi moja karatasi yake ya maelezo inasema ina risasi ndani lakini inakidhi RoHS. Inawezekanaje?

Mkaguzi_Malighafi: Ni msamaha wa RoHS namba 7(a): lehemu ya joto kali yenye risasi 85% au zaidi. Misamaha ina ukomo, kwa hiyo hakiki tarehe kabla ya kuagiza na uandike namba yake kwenye jalada la kiufundi la kifaa. Jalada hilo hutunzwa miaka 10, pamoja na tamko lenye sahihi, na kifaa kiwe na alama ya CE, ya kuonyesha kinakidhi sheria za Ulaya.

Bati_Tupu: Na alama ya pipa la taka lililochorwa X juu yake, lenye mstari mnene chini. Hiyo ni sheria nyingine, WEEE, ya taka za vifaa vya umeme, na usajili wake hufanywa nchi kwa nchi.