Je, ni haki kuuza mchezo wa kadi za mazimwi kabla haujakamilika?

Mtunza Kadi

Ndugu wachezaji, nawasalimu. Kwa majuma matano sasa nimekuwa nikicheza mchezo wa kadi ambao mchezaji hujiundia zimwi lake kiungo kwa kiungo, yaani kichwa, kiwiliwili, mikono, mabawa na mkia, na kila kiungo anachokipachika huleta kadi zake katika fungu atakalopigana nalo. Ni mchezo wa mtu mmoja dhidi ya kompyuta, na bado uko katika toleo la awali: safu ya tatu, yaani hatua ya tatu ya mchezo, haina mwisho, vichwa viwili vimechorwa kwa mistari mitupu, na maelezo ya baadhi ya kadi hayalingani na kinachotendeka kadi ikichezwa. Hayo yote niliyavumilia kwa sababu niliyajua kabla ya kulipa. Nisiloweza kulivumilia ni sasisho la juma lililopita, ambalo lilipunguza makali ya Mkia wa Mjusi, kiungo ambacho zimwi langu lote lilikitegemea, na pia likafuta kumbukumbu ya safari, yaani mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, niliyokuwa nimeifikisha ukingoni. Je, ni haki kumuuzia mtu kitu ambacho muuzaji amejiwekea ruhusa ya kukigeuza baada ya kupokea fedha? Ningependa kuwasikia hasa waliokaa na mchezo huu, si waliouonja jioni moja.

Kipanga

Ndugu Mtunza Kadi, pole kwa kumbukumbu iliyofutika. Hilo ni kosa la watengenezaji na walipaswa kutoa tahadhari mapema. Lakini hoja yako kuu siikubali. Tangu Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ilipoanzisha utaratibu wa toleo la awali Machi 2013, kila mchezo unaouzwa kwa njia hiyo huambatana na ilani kwamba haujakamilika, kwamba huenda ukabadilika au usibadilike, na kwamba asiyefurahishwa na hali yake ya sasa ni bora asubiri. Aliyelipa ameyakubali hayo. Tena kuna dirisha la kurejeshewa fedha ndani ya siku 14, mradi hujacheza kwa zaidi ya saa 2.

Ama kuhusu Mkia wa Mjusi, binafsi nilifurahi ulipokatwa makali. Mkia ule ulikuwa unashinda wenyewe. Aliyeshinda kwa mkia ule hakucheza, alitazama.

Nuru

Kaka Kipanga, nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara mbili, nikitumaini kwamba nimeielewa vibaya. Nilishinda kwa mkia ule, na nilifika hapo baada ya kushindwa mara 41, kwa hiyo naomba uniruhusu nikueleze nilichokuwa nikikitazama.

Zimwi langu halikuwa na mikono. Lilikuwa na kichwa cha Jicho Moja, kiwiliwili chenye miiba, Mkia wa Mjusi na bawa moja lililovunjika, basi. Fungu zima lilikuwa kadi tisa. Kila nilipomshinda adui nilipewa kiungo kipya na nilikikataa, ingawa mkono mmoja tu ungeniongezea mapigo matatu makubwa, kwa sababu kila kiungo hunenepesha fungu. Mwenye kadi 10 na kuvuta 5 kila zamu huziona zote katika zamu 2, ilhali mwenye kadi 20 huhitaji zamu 4, na adui hasubiri. Kadi ya Jicho hugharimu nguvu 1 na huvuta kadi 2. Kadi ya Mkia haigharimu kitu. Ilikuwa inairudisha mkononi kadi iliyochezwa mwisho na kurejesha nguvu 1. Fungu linapokuwa dogo kiasi cha kumalizika, Jicho huuvuta Mkia kutoka katika kadi zilizotumika, Mkia humrudishia mchezaji Jicho, na kila kadi inayovutwa, miiba humtoboa adui uhai 1. Kuukataa mkono baada ya mkono kwa saa nzima, huku uhai wako umebaki 6, kunahitaji moyo. Anayeliita jambo hilo kutazama hajawahi kulijaribu.

Mzee wa Zamu

Wanangu, punguzeni moto. Mambo haya si mageni. Slay the Spire, mchezo wa kadi wa kompyuta ambao kila mchezo wa aina hii umeufuata kwa namna moja au nyingine, ulitengenezwa na watu wawili na ulikaa katika toleo la awali miaka mitatu hivi kama sikosei, na kadi zake zilikuwa zikibadilishwa karibu kila juma. Hakuna aliyelia. Kwa upande wa pili, Artifact, mchezo wa kadi wa kampuni ya Valve, nao ulikuwa toleo la awali na ukafa, na fedha za watu zikaenda nao. Kwa hiyo swali si toleo la awali. Swali ni nani unayemwamini.

Mhakiki

Mzee wetu, kwa heshima, tarehe zako zinahitaji kunyooshwa, na zikinyooshwa hoja nayo inageuka. Slay the Spire ulianza kuuzwa katika toleo la awali Novemba 2017 na kukamilika Januari 2019, yaani miezi 14. Huenda miaka mitatu unayoikumbuka ni ya mchezo mwingine, Baldur's Gate 3, ulioanza Oktoba 2020 na kukamilika Agosti 2023. Artifact haukuwa toleo la awali hata kidogo: Valve iliuuza Novemba 2018 kama mchezo uliokamilika, tena ukiwa na jina la Richard Garfield, mbunifu wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za karatasi, na hata hivyo Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kazi ya kuuunda upya. Kwa hiyo neno "umekamilika" halikumlinda mnunuzi yeyote.

Jambo la pili linahusu ugomvi wenu wa mkia. Watengenezaji wa Slay the Spire walikusanya takwimu za safari za wachezaji, wakaona kadi ipi huchukuliwa inapotolewa na ipi huachwa, na walipoamua kuigusa kadi walikuwa na kitu cha kuegemea. Watengenezaji wa mchezo wetu wamepunguza makali ya mkia bila kutuonyesha lolote. Mimi naona hapo ndipo pa kuwabana, kuliko kubishana kama Nuru alicheza au alitazama.

Kipanga

Dada Nuru, sikukuita mvivu. Nilisema kuhusu mkia, nawe ukalivaa neno kama vazi lako. Lakini kwa kuwa umeeleza kwa marefu, nami nieleze. Nilicheza safari 17 mfululizo nikiwa na Mkia wa Mjusi. Katika safari zote hizo sikuwahi kukijaribu kichwa cha Kobe, sikupachika mabawa ya Popo, sikuona kadi hata moja ya sumu. Vilikuwapo, vimechorwa vizuri, kuna mtu aliyekesha akivitengeneza, nami nilivipita kama asiyeona, kwa sababu nilijua mkia ungenifikisha. Siku ulipokatwa makali ndiyo siku nilipounda zimwi la kobe mwenye mabawa na kushindwa katika safu ya kwanza, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa katika ushindi wowote kati ya ile 17. Hicho ndicho ninachokitetea. Mchezo wa kujenga mazimwi ambao wachezaji wote wanajenga zimwi lile lile umekwisha kufa, hata ukiuzwa vipi.

Nuru

Furaha yako ni halali, kaka. Lakini hukuhitaji sasisho ili uache kuuchukua mkia. Ungeweza kuukataa, kama mimi nilivyoikataa mikono. Umeomba kiungo changu kiharibiwe ili wewe upate kujizuia.

Karama

Naomba niingie hapo hapo aliposimama Nuru, kwa maana naona amegusa kiini ambacho wengi tunakipita. Katika kadi za karatasi, mtengenezaji hawezi kuingia mkononi mwako akafuta maandishi. Magic: The Gathering ilitoka 1993, na ilipoonekana kwamba baadhi ya kadi zina nguvu kupita kiasi, kilichofanyika tangu 1994 ni kuweka orodha ya kadi zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka katika mashindano. Kadi yenyewe ilibaki yako, na ukicheza na rafiki yako mnakubaliana wenyewe. Katika mchezo wa Hearthstone kadi iko ndani ya kompyuta na hubadilishwa, lakini ikipunguzwa makali, kwa muda fulani mchezaji hurudishiwa thamani yote ya kuitengeneza kadi hiyo. Pande zote mbili zilitambua kwamba mwenye kadi amepoteza kitu.

Na hiyo ni michezo ya mtu kwa mtu, ambamo mkia wenye nguvu kupita kiasi humwonea mpinzani aliye hai. Hapa mpinzani ni kompyuta. Ni nani aliyedhulumiwa na zimwi la Nuru lisilo na mikono? Steam huwaruhusu watengenezaji kuacha matoleo ya zamani mahali ambapo mchezaji anaweza kuyachagua. Wangeliacha toleo la juma lile, Kipanga angepata kobe wake mwenye mabawa, Nuru angebaki na mkia wake, na Mtunza Kadi asingepoteza safari yake.

Mhakiki

Naunga mkono, kwa sharti moja. Watengenezaji wakiacha matoleo mengi, taarifa za hitilafu nazo huja kutoka matoleo mengi, na kikundi kidogo kinaweza kuzama humo. Toleo moja la nyuma linatosha.

Mtunza Kadi

Ndugu zangu, nimefuatilia kila neno, na nashukuru. Hata hivyo niliuliza kama ni haki kuuza kabla ya kukamilisha, na sasa naona tunajadili nani alistahili ushindi wake. Kumbukumbu yangu iliyofutwa ilitajwa na Kipanga kwa maneno machache, kisha na Karama mwishoni kabisa. Kwangu ndilo jambo lenyewe. Makali ya kadi yakipunguzwa nitaunda zimwi jingine. Safari iliyofutwa hairudi. Ilani ya Steam inasema mchezo unaweza kubadilika, na mimi nilielewa kwamba mchezo ndio utakaobadilika, wala sikuelewa kwamba nilichokwisha kukifanya ndani yake nacho kitaondolewa.

Kipanga

Umesema kweli, na hapo sina la kukupinga. Ningekubali hata sharti kwamba sasisho lolote linalofuta safari litangazwe juma moja kabla.

Dada Nuru, kuna jambo limenikaa tangu jana. Adui mkuu wa safu ya pili hung'oa kiungo kimoja kila zamu, na kadi za kiungo hicho hutoka katika fungu. Wewe ulikuwa na viungo vinne tu. Ulimpitaje? Na bawa lile lililovunjika lilikuwa la nini?

Nuru

Hilo ndilo swali nililotamani uniulize mwanzoni. Mkuu yule huanza na viungo vya pembeni: mikono kwanza, kisha mabawa, kisha mkia. Mwenye mikono miwili hupata zamu mbili za kupumua, lakini fungu lake ni nene na mzunguko haukamiliki kwa wakati. Mimi nilipachika bawa lililovunjika kwa kuwa huleta kadi moja tu, nayo haina kazi. Zamu ya kwanza alilinyofoa bawa. Fungu likabaki na kadi nane, Jicho likaufikia Mkia katika zamu ya pili, na mkono wake ulipokuwa tayari umeinuliwa juu ya mkia wangu, miiba ilikuwa imemtoboa mara 60.

Kipanga

Kumbe alikupunguzia fungu yeye mwenyewe. Nalifuta neno "alitazama". Kuhusu mkia, bado nasema ulistahili kukatwa makali.