Fonti nene ya stensili kwa bango la bati: ipi inafaa?

Fundi wa Katuba

Ndugu zangu, ninaandaa bango la karakana ya uchomeleaji hapa Lubumbashi. Mwenye kazi anataka herufi nene za stensili, za mtindo ule wa mapipa na mabehewa, zikatwe kwa plazma (moto wa umeme unaokata chuma) kwenye bati la milimita 2, kisha taa iwekwe nyuma. Juu yatakaa maneno KARAKANA YA CHUMA, chini CONSTRUCTION MÉTALLIQUE, halafu namba ya simu. Je, nichukue fonti ipi, na madaraja ya herufi, yaani vipande vya chuma vinavyoachwa ili kushika sehemu za ndani, yawe na upana gani?

Mchora Mabango, Kampemba

Ndugu fundi, kabla ya jina la fonti, litazame neno lako. Katika KARAKANA, herufi tano kati ya nane, yaani A nne na R moja, zina tumbo lililozibwa, yaani sehemu ya ndani iliyozungukwa na mstari pande zote, na tumbo lisiposhikwa na daraja litadondoka pindi moto utakapomaliza kulizunguka. Kwa hiyo A ndiyo itakayoamua sura ya bango zima. Fonti nyingine huikata A wima kuanzia kileleni, nyingine huukata mguu mmoja kwa mshazari. Mimi napenda ile ya wima, kwa sababu ikirudiwa mara nne na taa ikiwa nyuma, mistari myeusi hupangika vizuri.

Daraja lisiwe jembamba kuliko unene wa bati, na hicho ni kiwango cha chini tu: kwa herufi za sentimita 20 nisingeshuka chini ya milimita 6, maana joto la plazma hulikunja daraja jembamba. Jaribu Saira Stencil One au Big Shoulders Stencil, ambazo leseni yake inaruhusu kazi ya biashara bila malipo. Kialama cha É hakihitaji daraja, kwa kuwa ni tobo linalojitegemea, ila acha chuma cha kutosha kati yake na E.

Grafiki wa Kamalondo

Ninakubaliana na aliyetangulia, lakini nina tahadhari moja. Nyingi kati ya fonti hizi zilichorwa kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya kukatwa. Stencil ya Gerry Powers, iliyotolewa na kampuni ya American Type Founders mwaka 1937, na ile ya R. Hunter Middleton ya kampuni ya Ludlow mwaka huohuo, zilikuwa herufi za kuchapia, ambazo hazikuhitaji daraja lolote ili zishikamane. Mikato yake ilikuwa ni kuiga tu sura ya kreti. Usidhani, basi, kwamba mchoraji wa fonti alifikiria bati lako. Kwenye kompyuta, geuza maandishi yawe mistari ya umbo, pima kila daraja, na panua lile lililo jembamba.

Namba ya simu usiiandike kwa stensili hata kidogo. Namba zetu huanza na 0, kisha mara nyingi hufuata 8 au 9, na tarakimu hizo zote zina matumbo. Mtu aliye ndani ya teksi atazichanganya. Tumia fonti nene ya kawaida, na uipake kwa rangi kwenye sehemu ya chini ya bati.

Fundi wa Katuba

Asanteni sana. Nitakata A moja kwanza kwenye kipande cha bati chakavu, niiwashie taa usiku, kisha niwaletee picha.